Kutembea na Kutembezwa: Mkono wa Mwenyeji katika Maandishi ya Wasafiri wa Merikebuni

Maandishi ya wasafiri waliofika katika bandari zetu kwa merikebu yamewekwa mahali pasipo pake katika masomo ya Kiswahili. Mwalimu wa historia huyachukua kuwa ushahidi: hukata aya moja hapa na nyingine pale ili athibitishe kwamba mji fulani ulikuwako mwaka fulani na kwamba wenyeji wake walikula ndizi na samaki. Mwalimu wa fasihi naye huyapita kando, kwa hoja kwamba hayakuandikwa kwa Kiswahili. Tunadhani wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Hapana kati yao aulizaye ni nani aliyemshika mgeni mkono alipotoka chomboni, akampitisha njia hii na kumwepusha na ile, akamwambia jina la kitu hiki na kunyamaza juu ya kile. Katika makala haya tutalifuata swali hilo katika maandishi matatu yajulikanayo sana: masimulizi ya Ibn Battuta juu ya ziara yake ya mwaka 1331, kitabu cha safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1498, na kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Tutadai kwamba kila moja ya kazi hizi ina watunzi wawili, na kwamba mtunzi wa pili, ambaye jina lake halimo katika jalada, hana budi kutafutwa na mhakiki.

Tuanze na lugha yetu wenyewe, kwa kuwa imelipambanua jambo hili vizuri. Kitenzi "kutembea" katika matumizi ya pwani hakina maana ya kwenda kwa miguu tu. Mtu akisema kwamba jana alikwenda kutembea kwa shangazi yake, hatuelewi kwamba alizunguka-zunguka; twaelewa kwamba alikwenda kumzuru. Katika kauli ya kutendea twapata "kutembelea", na hapo mwenyeji anaingia katika kitenzi, kwani hutembelei isipokuwa kuna wa kutembelewa. Lakini kauli ituhusuyo zaidi ni ya kutendesha. Mwenyeji humtembeza mgeni, yaani humpitisha mjini na kumwonyesha. Na mchuuzi pia hutembeza, ila yeye hutembeza samaki wake, vitambaa vyake au kahawa yake. Kitenzi ni kimoja. Haielekei kwamba wahenga waliokiacha kifanye kazi hizo mbili walikosa kuona uhusiano wake. Msafiri atokaye merikebuni huandika kwamba alitembea mjini. Sarufi ya tukio lenyewe ni kwamba alitembezwa.

Msafiri huyu hana budi kutengwa na wasafiri wengine. Mtu wa msafara wa bara huuingia mji kwa nyuma, kupitia mashamba na vibanda vya wakulima, na mara nyingi hukaa humo mpaka apate wapagazi. Mtu wa merikebu huuona mji kwa mbele kwanza, ukiwa umevaa uso wake wa kuonyesha wageni. Saa zake hupimwa na upepo au na nahodha, mizigo yake hubaki chomboni, na pengine hulala huko huko. Akishuka, ana muda wa njia moja au mbili. Kwa hiyo anahitaji kiongozi, na anamhitaji upesi.

Ibn Battuta alijua jambo hili, na sifa yake kubwa kwetu ni kwamba hakulificha. Alipofika Mogadishu kwa merikebu kutoka Zeila, anaeleza kwamba vijana walikuja kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani iliyofunikwa yenye chakula, naye humpa mfanyabiashara mmoja wa merikebuni na kutangaza kwamba huyu ndiye mgeni wake. Toka hapo mfanyabiashara huyo halali ila nyumbani kwa mwenyeji wake. Mwenyeji humuuzia bidhaa zake na kumnunulia atakazo. Ibn Battuta alipotajwa kuwa si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni, vijana wale walisema kwamba basi huyo ni mgeni wa kadhi. Kadhi akateremka pwani na wanafunzi wake kumpokea. Ikawa ni desturi kwamba mwanachuoni hawezi kwenda kupumzika kabla ya kuonana na sultani, akapelekwa huko kwanza. Hakuchagua njia hata moja.

Yafuatayo ndiyo tunayoyapenda zaidi. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Ijumaa, aliletewa nguo za kuvaa: shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni badala ya suruali, kanzu ya kitani cha Misri, joho na kilemba. Baada ya sala, sultani alivaa viatu vyake, akamwamuru kadhi avae vyake na mgeni avae vyake, kisha wakaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa sultani huku watu wengine wote wakienda miguu mitupu. Juu ya kichwa cha sultani palichukuliwa vivuli vinne vya hariri ya rangi, na juu ya kila kimoja ndege wa dhahabu. Msomaji atazame hali ya mwandishi wetu katika mwendo huu. Yumo mjini, anatembea, anaona kila kitu. Lakini nguo za mwilini mwake ni za wenyeji, na hata kwamba nyayo zake zimefunikwa na za wengine ziko wazi ni kwa amri ya mwenyeji. Amewekwa ndani ya picha ambayo baadaye ataichora. Wanaotaja aya hii kama maelezo ya ufahari wa sultani wa Mogadishu wanasema kweli, ila wanasahau kuongeza kwamba ni ufahari uliopangwa ili msafiri wa aina yake auone na kwenda kuusimulia, na kwamba aliyeupanga alifaulu: tunausoma mpaka leo.

Mombasa mambo ni mengine. Alikaa usiku mmoja tu. Hapana sultani, hapana kadhi wala nguo za kupewa. Aya yake ni fupi, na kwa maoni yetu ndiyo bora kuliko zote alizoandika juu ya pwani hii, kwa sababu tunaweza kuigawa sehemu mbili kwa urahisi. Sehemu moja ni ya mambo aliyoyajua kwa nyayo zake. Misikiti ni ya mti, imejengwa kwa uimara. Katika kila mlango wa msikiti kuna kisima kimoja au viwili, na kina chake anakitaja kuwa dhiraa moja au mbili. Maji hutekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba chenye urefu wa dhiraa moja. Msomaji wa pwani ataitambua kata mara moja, ingawa yeye asema ni ya mti na si ya kifuu. Mtu atakaye kuingia huosha miguu, na mlangoni pamewekwa kipande cha jamvi gumu cha kujifutia nyayo. Atakaye kutawadha hukibana chombo kati ya mapaja na kujimiminia maji mikononi. Watu wote huenda miguu mitupu. Haya hayakusimuliwa na mtu. Mtu asiyejifuta mwenyewe miguu juu ya jamvi lile asingelikumbuka miaka ishirini na minne baadaye, wakati alipokuwa Fez akimwimlia karani wake Ibn Juzayy kitabu kilichokamilika mwaka 1355.

Sehemu ya pili ni ya mambo aliyoyajua kwa masikio. Asema kwamba Mombasa ni kisiwa kikubwa, na kwamba kati yake na nchi ya Sawahil ni mwendo wa siku mbili baharini. Asema pia kwamba kisiwa hakina nchi ya bara, na nafaka yake huletwa kutoka Sawahil. Sote twajua kwamba mkono wa bahari uliotenga kisiwa hicho na bara huvukwa kwa muda mfupi sana. Wako waliolikuta kosa hili wakalitumia kumshutumu Ibn Battuta kwamba hakufika Mombasa kamwe. Hoja hiyo ni dhaifu mbele ya kata na jamvi. Sisi twaona kwamba siku mbili zile ni maneno ya mtu mwingine aliyeulizwa swali, akajibu kwa kipimo chake: pengine baharia ambaye kwake neno "Sawahil" lilikuwa jina la sehemu fulani ya pwani, si la bara iliyo mkabala, naye akahesabu siku kutoka gati hadi gati. Jambo hili lingepasa kuwafikirisha watu wa idara kama zetu. Jina ambalo lugha yetu imelichukua limo katika mojawapo ya maandishi ya zamani yanayolitaja, na katika maandishi hayo Mombasa iko nje yake. Mvita ya Muyaka, kiti cha ushairi wetu, si Uswahilini! Tungemsikiliza yule baharia badala ya kumcheka mwandishi, tungekuwa na swali zuri juu ya maana ya jina hilo katika karne ya kumi na nne: lilikuwa jina la watu, la pwani nzima, au la kipande cha pwani kilichojulikana na mabaharia?

Kuna na neno moja ambalo hatujui tuliweke upande upi. Asema kwamba wenyeji wa Mombasa wana tunda liitwalo "jammun", linalofanana na zeituni, lenye kokwa kama ya zeituni, ila ni tamu mno. Bila shaka ni zambarau. Lakini jina hilo ni la Bara Hindi, na Ibn Battuta alikwenda kukaa Bara Hindi baada ya kupita Mombasa, ambako tunda hilo analitaja tena. Je, alilisikia jina hilo Mombasa kwa watu wenye asili ya huko, au kumbukumbu ya Delhi ilimwingilia alipokuwa akiimla? Tunaelekea kwenye jibu la pili. Ikiwa ni hivyo, mwenyeji wake wa Mombasa alimpa tunda, na mwenyeji mwingine wa nchi nyingine akampa jina.

Haitakuwa haki kuuacha ukurasa huu bila kukiri kwamba kipimo chetu cha nyayo na masikio kinakwama Kilwa. Ibn Battuta aliusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa na iliyojengwa vyema, kisha akaongeza kwamba wote ni wa mti, na mapaa yake ni ya nyasi. Uchimbuzi uliofanywa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulitandaza wazi mji wa mawe: msikiti mkuu, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya zamani kuliko ziara hiyo, na jumba la Husuni Kubwa lililojengwa takriban katika enzi ya sultani yule yule, al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri wetu anamsifu kwa ukarimu. Mtu huyu alisali Ijumaa ndani ya kuta za mawe akaandika mti. Yawezekana alikuwa akisema juu ya nyumba za watu wengi, ambazo kweli hazikuwa za mawe. Yawezekana misikiti ya Mombasa ilihamia Kilwa katika kumbukumbu yake. Lakini tukisema hivyo tumekubali kwamba hata nyayo husahau, na mhakiki akiwa mkweli hawezi kuutetea mguu wakati unaomfaa na kuutupa usipomfaa. Tunaliacha hapo.

Kitabu cha safari ya Vasco da Gama kinatupa hali tofauti kabisa, kwa sababu mwandishi wake, ambaye wengi humdhani kuwa Álvaro Velho, anasimulia matembezi ambayo hakuyatembea. Merikebu zilitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Mabaharia walifurahi, asema, kwa kuwa walitumaini kushuka kesho yake na kusali misa pamoja na Wakristo waliosemwa kuwa wanakaa humo katika mtaa wao wenyewe. Habari hizo walipewa na marubani waliokuwa nao. Basi kabla ya mguu hata mmoja kukanyaga nchi kavu, mji ulikuwa umekwisha kuelezwa, na ulielezwa kulingana na hamu ya msikilizaji. Katika utanzu huu mtembezaji mara nyingi huanza kazi yake merikebuni.

Nahodha hakushuka. Alituma watu wawili, ambao masimulizi ya baadaye ya Wareno yanawataja kuwa wafungwa, yaani watu ambao kupotea kwao hakungekuwa hasara kubwa. Umati uliwafuata mpaka mlango wa jumba la mfalme. Walipitishwa milango minne, na katika kila mmoja alisimama bawabu mwenye upanga uliochomolewa. Mfalme aliwapokea vizuri, akaamuru waonyeshwe mji. Njiani wakasimamishwa katika nyumba ya wafanyabiashara wawili walioitwa Wakristo, wakaonyeshwa karatasi yenye picha waliyoiabudu, ambayo wageni walidhani ni ya Roho Mtakatifu. Kisha mfalme akawarudisha na mifano ya karafuu, pilipili na nafaka, kwamba ndizo bidhaa atakazowaruhusu kupakia.

Wasomi wengi wamekubaliana kwamba wafanyabiashara wale yamkini walikuwa Wahindi, na picha yao ilikuwa ya mungu wao. Tafsiri hii inajulikana na hatuna la kuongeza, ila kwamba kwa kawaida huelezwa kama kichekesho cha ujinga wa Wareno. Sisi twaitazama upande wa pili. Aliyewaongoza wale wawili alikuwa na mji mzima wa kuwaonyesha, wenye misikiti na masoko. Akawasimamisha kwenye nyumba hiyo. Hatuwezi kudai kwamba alijua hamu yao. Lakini swali la Wakristo lilikuwa limeulizwa na watu hawa katika kila bandari tangu Msumbiji, na habari hutembea haraka kuliko merikebu. Ikiwa tunaona hivyo, mji haukueleweka vibaya kwa bahati mbaya. Ulisomwa kama ulivyofunguliwa.

Karafuu nazo hazikuota Mombasa mwaka 1498. Zilitoka visiwa vya mashariki ya mbali, na ilikuwa ni karne ya kumi na tisa ndipo mikarafuu ilipostawishwa Unguja na Pemba. Mfalme alikuwa akionyesha ghala, si shamba. Milango minne yenye panga, nyumba yenye picha, karafuu mkononi: aliwatembeza watu na kutembeza bidhaa kwa mwendo mmoja, na kitenzi chetu kinastahili kupongezwa kwa kuyaweza yote mawili. Mwandishi aliyekaa merikebuni aliyapokea haya kutoka vinywani mwa watu wawili waliokuwa wamepita mara moja, wakiwa na hofu, bila lugha. Hata hivyo kurasa zake za Mombasa zina uhai ambao kurasa zake za Malindi hazina. Malindi walikaa siku tisa mbele ya mji, wakapewa kondoo na viungo na rubani. Lakini Vasco da Gama alikataa kushuka, akaonana na mfalme wakiwa mashuani. Basi mwandishi anatupa nyumba ndefu zilizopakwa chokaa, zenye madirisha mengi, na minazi nyuma yake, na kuufananisha mji na Alcochete, mji wa kwao Ureno. Mtu ambaye hakutembezwa hujitembeza mwenyewe katika kumbukumbu za kwao. Siku tisa za kutazama kwa macho hazikumpa hata kisima kimoja.

Sayyida Salme ni msafiri wa merikebuni wa namna ya peke yake. Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, akaondoka mwaka 1866, na aliporudi mwaka 1885 alikuwa mjane wa Kijerumani, mama wa watoto, aliyeshuka kutoka merikebu iliyokuja pamoja na manowari za Ujerumani zilizotumwa kumshurutisha ndugu yake Barghash. Kiongozi wa njia hakumhitaji, na lugha za njiani alizielewa zote. Watu walimzunguka na kumsalimu barabarani. Aliikuta nyumba aliyozaliwa imegeuka magofu. Kurasa hizi za mwisho za kitabu chake ni nyembamba kuliko zile za utoto wake, na wahakiki wengi huzipita. Sisi twaziona kuwa ndizo zenye uzito. Humo mna mtu ambaye miguu yake inaujua mji na ambaye hata hivyo haruhusiwi kuutembelea, kwa sababu wa kutembelewa, yaani kaka yake, hakumpokea. Anabaki na kutembea kutupu. Nao Wajerumani waliomleta walikuwa wakimtembeza, katika maana ya uchuuzi: binti wa sultani juu ya sitaha, ili wa pwani aone na afanye hesabu zake. Yeye anaandika kama mtu huru aliyerudi kwao. Ni vigumu kusema kwamba hakuijua kazi aliyopewa, na ni vigumu vile vile kusema kwamba aliijua wakati wote.

Mtu anaweza kutuuliza: je, hakuna mji wa bandari ulioandikwa bila mtembezaji? Upo. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaipitisha nafsi yake katika majumba ya Pate yaliyoachwa, naye hasiti barazani. Anaingia ukumbini, anaingia vyumbani, anaona zidaka zilizokuwa na vyombo vya kauri zimekuwa makazi ya ndege. Wasafiri wetu wote watatu, hata huyo binti wa jumba, hawakuwahi katika matembezi yao ya merikebuni kufika ndani namna hiyo katika nyumba ya mtu wa kawaida. Daka la nyumba ya Kiswahili lilijengwa kwa ajili yao: mgeni apate kivuli, aketi, aheshimiwe, na asiendelee. Utanzu mzima wa maandishi tunayoyazungumzia umeandikwa kutoka barazani. Hili si tusi; mtu akijua ameketi wapi aweza kuandika vizuri kutoka hapo, kama Ibn Battuta alivyoandika kutoka mlangoni mwa msikiti.

Utanzu wenyewe haujafa. Merikebu za watalii huingia Kilindini, na abiria wake hupewa saa chache za kuujua Mji wa Kale. Huanzia Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, wakafuata Ndia Kuu, wakapiga picha milango ya nakshi, wakapita Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida husemwa kuwa wa mwaka 1570, kisha wakateremka kuelekea bandari ya zamani. Wengi wao huandika waliyoyaona. Maandishi yao hatukusudii kuyahakiki hapa, kwani mengi ni ya haraka. Lakini yana mtunzi wa pili kama yale ya kale, na huyu yu hai, na kila asubuhi ya merikebu utamsikia barabarani. Maneno ya watembezaji wageni wa Mombasa, Lamu na Unguja ni masimulizi kamili. Yana mianzo na vituo, yana mizaha inayorudiwa mahali pale pale, yana tarehe zilizokwisha kuwa kama vibwagizo, na hurithiwa na kijana kutoka kwa mkubwa wake. Wataalamu wa fasihi simulizi wamekwenda mbali kutafuta visa vya sungura na kuwapita watu hawa wakiwa njiani kwenda maktaba. Ingefaa maneno yao yarekodiwe katika lugha zote wanazoyasema, na zaidi ya hayo yarekodiwe katika Kiswahili, ambacho hawakitumii kazini.

Tuliwahi kumfuata mmoja wao, mzee wa makamo, kwa mwendo huo wote. Mkabala wa Msikiti wa Mandhry pana kisima cha maji matamu. Tulikuwa tukingojea akitaje, kwa kuwa tulikuwa na habari za Ibn Battuta kichwani. Alikipita akielekeza vidole juu kwenye mnara. Wageni walipokwisha kupanda basi lao tulimuuliza kwa nini. Akatueleza habari za kisima kile kwa muda mrefu, ni nani waliokuwa wakiteka hapo alipokuwa mdogo na jinsi walivyopangana zamu, huku akitwonyesha kwa mkono kata ilivyokuwa ikishikwa. Tukamuuliza tena, mbona wale hakuwaambia. Akacheka.

"Mwanangu, kisima ni cha kukaa. Wale meli yao yaondoka saa kumi."